Mashine pepe inaripoti hitilafu ya maunzi (MCE): mgeni afanye nini, mwenyeji afanye nini?

#1 Kitasa_Data

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba msaada kwa wanaoendesha KVM (sehemu ya Linux ya kuendesha mashine pepe, yaani VM). Tuna seva yenye VM kadhaa za ofisi, na mojawapo imebeba hifadhidata ya PostgreSQL ya mfumo wa mauzo. Usiku wa kuamkia leo watumiaji wote walikatika kwa mpigo, kisha baada ya muda mfupi mfumo ukarudi wenyewe bila mtu kugusa kitu. Nilipofungua logi ndani ya VM nikakuta haya:

```
mce: Uncorrected hardware memory error in user-access at 1a3f5c000
Memory failure: 0x1a3f5c: Sending SIGBUS to postgres:2217 due to hardware memory corruption
Memory failure: 0x1a3f5c: recovery action for dirty LRU page: Recovered
```

PostgreSQL nayo imeandika kwamba mchakato 2217 umeuawa na ishara namba 7, Bus error, ikafunga miunganisho yote na kuanza kujirekebisha.

Kinachonichanganya ni kwamba VM haina RAM yake, RAM yote ni ya seva. Inapataje kulalamika kuhusu maunzi? Ni kosa la kerneli ya VM, la QEMU (programu inayoiendesha VM kwenye seva), au kuna kipande cha RAM kimekufa kweli? Mwenzangu anashauri tuiwashe VM upya kwa `mce=off`, chaguo la kerneli la kuzima MCE. Mwingine anataka tuihamishe ikiwa hai kwenda seva ya pili sasa hivi. Bosi anasubiri jibu leo.

#2 Nanga_ya_Pwani

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye madini ya kerneli.

#3 Mzizi_wa_Kerneli

Mkuu Kitasa_Data, kabla ya yote: usiweke `mce=off`, na usiihamishe VM hiyo ikiwa hai. Hitilafu yako imekwisha kushughulikiwa vizuri kabisa, na hayo mawili ndiyo yanayoweza kuigeuza kuwa msiba.

Sasa nenda kwenye seva ya chuma yenyewe. Fungua `dmesg`, utafute "Memory failure". Kisha fungua logi ya QEMU ya VM hiyo (kama unatumia libvirt, iko ndani ya `/var/log/libvirt/qemu/`) utafute mstari unaoanza na "Guest MCE Memory Error". Tuletee hapa.

#4 Kitasa_Data

Nimevipata vyote, mkuu. Kwenye seva:

```
Memory failure: 0x5d21b07: Sending SIGBUS to CPU 1/KVM:48219 due to hardware memory corruption
Memory failure: 0x5d21b07: recovery action for dirty LRU page: Recovered
```

Na kwenye logi ya QEMU:

```
Guest MCE Memory Error at QEMU addr 0x7f3b63f5c000 and GUEST addr 0x1a3f5c000 of type BUS_MCEERR_AR injected
```

#5 Mzizi_wa_Kerneli

Safi sana. Tazama anwani ya mgeni kwenye logi ya QEMU: `0x1a3f5c000`. Ndiyo ileile iliyo kwenye logi ya VM yako. Na `0x5d21b07` ni namba ya ukurasa halisi kwenye RAM ya seva. Kwa hiyo swali la kosa ni la nani limejibika: RAM imeharibika kweli, na VM imeambiwa ukweli. Nitasimulia kilichotokea hatua kwa hatua, maana nimeona watu wengi wakizima ulinzi huu kwa kutoujua. Nikisema mwenyeji nakusudia seva ya chuma na kerneli yake, na mgeni ni VM.

CPU za x86 zina utaratibu wa kujikagua. Zikigundua data iliyoharibika, hurekodi habari zake kwenye rejista maalumu zilizopangwa kwa benki. Kila benki ina rejista ya hali, ya anwani na ya maelezo ya ziada. Jambo likiwa zito CPU hurusha kikatizo namba 18, na hicho ndicho MCE. Kosa la biti moja ECC (kinga ya RAM inayogundua na kusahihisha makosa) hulisahihisha kimyakimya na kazi inaendelea, mgeni hajui wala hahitaji kujua. Shida ni kosa ambalo ECC imeliona ila haiwezi kulisahihisha.

Zamani kosa la namna hiyo lilikuwa na jibu moja tu, seva nzima inazima. Intel walipotoa Nehalem-EX mwaka 2010, yaani Xeon 7500, ukaja uwezo wa kuwaambia programu: data hii imeharibika, lakini mimi CPU bado ni mzima, amueni wenyewe. Upande wa Linux, Andi Kleen wa Intel alikuwa ameshaandaa HWPOISON, iliyoingia kerneli 2.6.32 mwishoni mwa 2009. Kerneli huuweka alama ukurasa mbovu, huuondoa kwa kila anayeutumia, na humpelekea mhusika ishara ya SIGBUS yenye anwani ndani yake.

Ishara hiyo ni ya aina mbili, na tofauti yake ni muhimu. `BUS_MCEERR_AO` maana yake ukurasa umeharibika lakini hakuna aliyeusoma bado, mara nyingi umegunduliwa na ukaguzi wa nyuma unaopitia RAM polepole. Una nafasi ya kujipanga. `BUS_MCEERR_AR` maana yake uzi huu umejaribu kuusoma sasa hivi na hauwezi kuendelea bila hatua kuchukuliwa. Yako ni AR.

Basi usiku ule vCPU (CPU pepe) namba 1 ya VM yako ilikuwa ikitekeleza kazi ya postgres, ikagusa ukurasa mbovu. MCE ikaitoa CPU nje ya mgeni na kuirudisha kwa mwenyeji. Kerneli ya mwenyeji ikautenga ukurasa na kuupelekea SIGBUS uzi wa vCPU, ndiyo maana logi inataja `CPU 1/KVM` na si jina la QEMU. QEMU ikapokea, ikatafsiri anwani yake kuwa anwani ya mgeni, ikajaza benki namba 9 ya CPU pepe na kumrushia mgeni MCE. Kerneli ya mgeni nayo ikafanya kazi ileile kwa mara ya pili kwa upande wake: ikautenga ukurasa, ikamtafuta mwenye nao, ikamkuta postgres.

Kwa nini usumbufu wote huo wa kupeleka habari ndani? Kwa sababu mwenyeji hajui kilichokuwa kwenye ukurasa ule. Mwenye nyumba anaona bomba limepasuka chumba fulani, lakini mpangaji ndiye anayejua kama kilicholowa ni gazeti la jana au hati ya shamba. Kwa mwenyeji, RAM yote ya VM ni mali ya mchakato mmoja wa QEMU, na yote inaonekana ya thamani sawa. Mgeni ndiye anayejua kwamba ukurasa ni nakala tu ya faili iliyopo diski, hivyo anautupa na kuusoma upya bila yeyote kuhisi. Au ni wa mchakato mmoja, hivyo anaua mchakato huo tu. Au ulikuwa huru kabisa, hauna kitu. Ni pale tu ukurasa unapokuwa wa kerneli ya mgeni yenyewe ndipo VM inalazimika kuanguka, na hata hapo inaanguka moja, si seva nzima.

Bila safari hiyo, chaguo pekee la mwenyeji lingekuwa kuua QEMU, na VM yote ingekatwa umeme katikati ya kazi. Wewe umepoteza miunganisho ya muda mfupi.

#6 Nanga_ya_Pwani

Mkuu hili ni darasa. Swali dogo: kama aliyeuawa ni mchakato mmoja, mbona watumiaji wote walikatika?

#7 Mzizi_wa_Kerneli

Hilo ni la PostgreSQL yenyewe. Michakato yake yote inashirikiana eneo moja la RAM. Mmoja akifa ghafla, msimamizi hawezi kuamini tena kwamba eneo hilo liko salama, hivyo anawafunga wote, analiunda eneo upya na kurudia kumbukumbu za WAL (daftari la mabadiliko) kutoka diski. Ni uamuzi sahihi kabisa. Programu nyingine, kwa mfano seva ya wavuti yenye wafanyakazi wanaojitegemea, ingempoteza mmoja tu.

#8 Sufuria_ya_Shaba

Kwa heshima mkuu Mzizi, mimi VM zangu zote zina `mce=off` miaka sasa na hazinisumbui. Kelele za MCE kwenye VM hazina faida, maunzi aangalie mwenyeji. Hapo kwenye `mce=off` unatisha watu bure.

#9 Mzizi_wa_Kerneli

Ndugu Sufuria, hazikusumbui kwa sababu RAM yako haijapata kosa zito bado. Ukiweka `mce=off`, kerneli ya mgeni haiwashi biti ya MCE kwenye rejista ya CR4. Siku QEMU itakapotaka kumpa habari itakuta mlango umefungwa. CPU halisi ikipata MCE na biti hiyo imezimwa hujizima, na CPU pepe inaiga hivyohivyo: inahesabiwa kuwa imeanguka mara tatu, VM inawashwa upya papo hapo. Hakuna logi ndani ya mgeni, hakuna kusawazisha diski. Utabaki unatafuta aliyebonyeza kitufe.

Matokeo ni hayohayo MCE ya pili ikifika wakati mgeni hajamaliza ya kwanza, yaani biti ya MCIP bado imesimama. Kwa hiyo si kweli kwamba mgeni hahusiki. Akinyimwa masikio, ukurasa mmoja wa kilobaiti 4 unaiangusha VM yote.

Kama kero yako ni ujumbe wa makosa yaliyosahihishwa, hayo hayafiki kwa mgeni wa KVM hata kidogo. Hakuna kelele unayoizuia.

#10 Sufuria_ya_Shaba

Hilo la CR4 sikulijua. Nitaijaribu kwenye mashine ya majaribio kabla ya kubisha zaidi. Kuna njia ya kujaribu bila kuharibu RAM?

#11 Mzizi_wa_Kerneli

Ipo, tena ni rahisi. Kwenye monita ya QEMU kuna amri ya `mce`. Chukua VM ya majaribio isiyo na kitu cha maana, uandike:

```
mce 0 9 0xbd80000000000134 0x7 0x1a3f5c000 0x8c
```

Namba ya kwanza ni CPU, ya pili ni benki. Ile ndefu ni hali: kosa halijasahihishwa, anwani ni halali, hatua inahitajika, na `134` mwishoni ni kusoma data. Ukitaka aina ya AO weka `0xbd000000000000c0`, na hiyo `0x7` iwe `0x5`. `0x8c` inaeleza kwamba anwani ni ya RAM halisi, kwa kipimo cha ukurasa wa kilobaiti 4. Kerneli ya mgeni itaamini kila neno.

Angalizo: amri hiyo inamdanganya mgeni tu, haigusi upande wa mwenyeji. Ukitaka kuipima safari yote, kwenye mwenyeji wa majaribio kuna `/sys/kernel/debug/hwpoison/corrupt-pfn`, unaandika namba ya ukurasa unaomilikiwa na QEMU. Kama BIOS inaruhusu, ipo pia EINJ ya ACPI, ambayo hupanda kosa kwenye chuma chenyewe. Usijaribu haya kwenye seva inayohudumia watu.

#12 Upepo_wa_Kusi

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nauliza hilo la kuhamisha. Kwetu utaratibu wa kazi uko wazi: seva ikionyesha dalili ya RAM, hamisha VM zote zikiwa hai, kisha zima seva. Sasa mnasema tusihamishe?

#13 Mzizi_wa_Kerneli

Utaratibu wenu ni mzuri, kaka, ila unamhitaji mgeni asiye na jeraha. Kuhamisha VM ikiwa hai ni kusoma kurasa zake zote na kuzituma. Uzi wa uhamisho ukifika kwenye ukurasa uliotengwa, unapigwa SIGBUS. Lakini huo si uzi wa vCPU, hakuna mgeni wa kumrushia MCE. QEMU inakufa yote. Yaani mgeni aliyepona usiku anakuja kuuawa asubuhi na msimamizi mwenye nia njema.

Matoleo mapya ya QEMU yanakumbuka kwamba VM ina ukurasa mbovu na yanakataa kuihamisha, yanakutaka uiwashe upya kwanza. Ya zamani hayana kinga hiyo. Kuhifadhi hali ya VM pamoja na RAM yake kuna hatari hiyohiyo, kwa kuwa nako ni kusoma kila kitu.

Mpangilio ninaoutumia: wageni ambao hawakuguswa wanahamishwa wakiwa hai, hao hawana shida. Aliyeguswa napanga naye muda, namzima kistaarabu kutoka ndani, namwasha upande wa pili. Ikibidi abaki hapohapo, kumwasha upya pia kunasaidia, kwa sababu QEMU ina orodha ya kurasa zilizopigwa na wakati wa kuanza upya inaomba kurasa nyingine mahali pake.

#14 Upepo_wa_Kusi

Hapo nimekuelewa. Narekebisha mwongozo wetu wa zamu leo.

#15 Dada_wa_Mitambo

Naomba kuongeza mambo mawili ambayo nimeyaona yakiumiza.

Moja, kurasa kubwa. Wengi tunawapa wageni RAM ya hugetlb ya megabaiti 2 au gigabaiti 1 kwa ajili ya kasi. Kosa likiangukia hapo, kerneli ya mwenyeji haimegi ukurasa, inautenga wote. Kosa la biti chache linampokonya mgeni gigabaiti nzima, na kila anapogusa popote ndani yake anapigwa MCE nyingine. Mgeni hachukui muda kuanguka. Zile kubwa za kujitengeneza zenyewe (THP) humegwa kwanza, unapoteza kilobaiti 4 tu. Kwa hifadhidata napendelea THP au za megabaiti 2, za gigabaiti nawaachia wenye sababu nzito kweli.

Pili, KSM. Inaunganisha kurasa zinazofanana za VM tofauti kuwa ukurasa mmoja ili kuokoa RAM. Huo mmoja ukiharibika, wote walioushiriki wanaguswa kwa pamoja. Watumiaji wa Proxmox (mfumo wa kusimamia VM) mkague, maana huko KSM huanza kazi yenyewe RAM inapokaribia kujaa.

#16 Mzizi_wa_Kerneli

Asante sana dada. Nyongeza yako imenikumbusha LMCE.

Kwenye Intel, kwa desturi MCE hutangazwa kwa CPU zote. Zote husimama, huingia kwenye kishughulikiaji na kusubiriana. Ndani ya VM hilo ni la hatari kuliko kwenye chuma, kwa sababu vCPU inaweza kuwa imewekwa kando na mwenyeji aliyejaza wageni kupita uwezo. Kerneli ya mgeni husubiri kama sekunde moja, ikiona wengine hawajafika inatangaza paniki. Mgeni aliyekuwa na nafasi ya kupona anakufa kwa kusubiri wenzake. Kwa LMCE, kosa la AR linapelekwa kwa CPU iliyoligusa peke yake. Kama CPU za mwenyeji zinaiweza, iwashe:

```
-cpu host,lmce=on
```

Ni moja ya chaguo ambazo naona ziwe kawaida kwa kila VM kubwa kwenye Intel.

#17 Fundi_Mwandamizi

Na sisi wa AMD EPYC? Wageni wetu wakipata MCE wanaanguka moja kwa moja, hakuna kupona.

#18 Mzizi_wa_Kerneli

AMD wana biti zao za CPUID (orodha ya uwezo ambayo CPU hujitangaza nayo), `succor` na `overflow-recov`. Mgeni asipoziona, anaamini CPU yake haiwezi kupona, hivyo kila kosa zito kwake ni paniki. Msaada wa QEMU kwa hizo ulichelewa sana ukilinganisha na Intel. Pandisha QEMU, kisha ndani ya mgeni kagua kama `succor` inaonekana kwenye `/proc/cpuinfo`.

Kwa ARM, QEMU haitumii rejista hizi. Habari hupitia majedwali ya ACPI, na kwenye QEMU unawasha `-machine virt,ras=on`.

#19 Nanga_ya_Pwani

Wakuu, upande wa pili je? Mgeni anaweza kumsababishia mwenyeji MCE? Nauliza kwa sababu nakodisha VM kwa watu nisiowajua.

#20 Dada_wa_Mitambo

Ndiyo, na imeshathibitika. Novemba 2019 ulitangazwa udhaifu wa kiusalama CVE-2018-12207. Kwenye CPU nyingi za Intel, mgeni mwenye mamlaka ya kerneli yake angeweza kubadilisha ukubwa wa ukurasa wenye msimbo kwa namna ambayo keshe ya anwani za msimbo inajikuta na majibu mawili yanayopingana. CPU inarusha MCE, na hiyo haimpati mgeni, inaizima seva na kila aliyemo. KVM ikajikinga kwa kuzuia msimbo kutekelezwa kwenye kurasa kubwa za mgeni. Akijaribu, ukurasa humegwa kuwa wa kilobaiti 4. Kagua:

```
cat /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/itlb_multihit
cat /sys/module/kvm/parameters/nx_huge_pages
```

Nimeona watu wanaizima `nx_huge_pages` kwa ajili ya kasi. Kama wageni wote ni wako na unawaamini, hilo ni juu yako. Kwa anayekodisha kwa umma, kuizima ni kumkabidhi mteja yeyote swichi ya seva yako.

Kisha Novemba 2023 ikaja Reptar, CVE-2023-23583, iliyogunduliwa na watafiti wa Google: amri yenye viambishi vya ziada iliweza kuiangusha seva kutoka ndani ya VM. Hiyo tiba yake ni maikrokodi mpya ya Intel. Kwa mwenyeji wa umma, maikrokodi na kerneli ni vitu vya kusasisha pamoja.

#21 Nanga_ya_Pwani

Ubarikiwe dada. Nazikagua seva zote jioni hii.

#22 Mwanafunzi_wa_Logi

Mimi sina seva, nimekodi VPS (VM ya mtoa huduma) Ulaya. Nikiona mistari kama ya Kitasa_Data nifanye nini? Mwenyeji simwoni.

#23 Mzizi_wa_Kerneli

Nakili mistari yote pamoja na saa kamili, uipeleke kwa mtoa huduma. Saa ndiyo itakayowawezesha kuoanisha na logi za seva yao. Kisha uombe mashine nyingine. Kuwasha upya kutoka ndani hakutoshi, kwa sababu kawaida unabaki kwenye seva ileile. Kwenye EC2 ya Amazon, kwa mfano, kusimamisha kabisa na kuanzisha ndiko kwa kawaida kunakokupeleka kwenye chuma kingine. Ila kagua kwanza kama una diski ya ndani ya seva, hiyo hupotea.

Na hakikisha kerneli yako ina `CONFIG_MEMORY_FAILURE`. Za usambazaji mkubwa kama Debian, Ubuntu na RHEL zinayo. Waliojijengea kerneli ndogo ndio wajikague.

#24 Kitasa_Data

Wakuu, nimerudi na majibu. `grep HardwareCorrupted /proc/meminfo` inaonyesha 4 kB kwa mwenyeji na 4 kB kwa mgeni. Nimeangalia `ras-mc-ctl --error-count`: kuna sloti moja yenye makosa mengi yaliyosahihishwa, nyingine zote ni sifuri. Bosi anauliza: kama ukurasa umeshatengwa, kuna haja ya kununua RAM?

#25 Mzizi_wa_Kerneli

Mwambie ndiyo, bila kusita. Kwanza, orodha ya kurasa zilizotengwa iko kwenye kumbukumbu ya kerneli tu. Siku seva itakapowashwa upya, orodha inafutika na ukurasa mbovu unarudi kugawiwa kama mzima. Pili, kipande kilichokwisha kutoa mfululizo wa makosa yaliyosahihishwa na kikafikia lisilosahihishika hakina sababu ya kutulia.

Kuna utafiti wa 2009 uliofanywa kwenye seva za Google pamoja na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto. Karibu theluthi ya mashine zilipata angalau kosa moja lililosahihishwa kwa mwaka, na kama asilimia 1.3 zilipata lisilosahihishika. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kipande kilichokwisha kupata kosa lililosahihishwa kina uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mengine, yakiwemo mazito. Kwa hiyo hesabu za sloti ile zilikuwa zikikuambia mapema. Weka rasdaemon (programu inayorekodi makosa ya maunzi) iwe inawaka daima, na mtu awe anaisoma. Inaweza pia kuhamisha data kutoka kwenye ukurasa unaorudiarudia makosa kabla haujafa, na mgeni hatahisi kitu.

Baadhi ya seva huweza kurekebisha safu mbovu ndani ya chipu kupitia BIOS wakati wa kuwaka. Ikiwa yako inaweza, iwashe, lakini agiza kipande kipya vilevile.

#26 Kitasa_Data

Nimekusoma mkuu. RAM imeagizwa. VM tano nyingine zimeshahama zikiwa hai, hii ya mauzo tunaizima usiku baada ya kufunga hesabu na kuiwasha seva ya pili. Swali la mwisho, na hili ni la mhasibu: hakuna tarakimu ya mauzo iliyobadilika?

#27 Mzizi_wa_Kerneli

Mhasibu ameuliza swali muhimu kuliko yote. Kosa hili liligunduliwa na CPU kabla data haijafika kwenye programu, na postgres iliuawa badala ya kupewa takwimu mbovu. Kilichokuwa kwenye ukurasa ule na hakijaandikwa diski kimerudishwa kutoka WAL. Miamala iliyothibitishwa ipo, ile iliyokuwa katikati imefutwa yote, hakuna nusu.

Hata hivyo baada ya kuhama endesha `pg_amcheck` kwenye hifadhidata nzima (ipo kuanzia PostgreSQL 14), na kama data checksums zimewashwa, kagua `checksum_failures` kwenye `pg_stat_database`. Kisha mhasibu alinganishe risiti za saa ile na zilizomo kwenye mfumo, hasa muuzaji aliyekuwa anabonyeza "hifadhi" wakati miunganisho inakatika. Huyo anaweza kuwa na risiti mkononi ambayo mfumo hauijui.

#28 Kitasa_Data

Wauzaji wawili walikuwa kwenye mfumo saa ile. Nawapigia sasa hivi.